Mbwa Mwitu wa Kukodi kwenye Skrini ya Ghorofa Nane

Mwaka 1999 ilitoka filamu ya makala kuhusu mbwa mwitu, iliyotengenezwa kwa ajili ya zile kumbi za IMAX, ambazo skrini yake ni kubwa kama ukuta wa ghorofa. Ndani yake mama yuko pangoni na watoto wake, na kamera iko karibu mno, unaona kila unywele. Baada ya onyesho, mtazamaji mmoja akamuuliza mtayarishaji, Chris Palmer, picha ile waliipataje. Palmer akasema kweli: pango lilikuwa la kutengenezwa na mbwa mwitu walikuwa wa kufugwa. Watu wakanywea.

Mwaka 2010 aliyaweka hayo kitabuni mwenyewe, akaongeza na mengine. Katika filamu ya nyangumi ya mwaka 1996, mama na mtoto wanaosafiri kutoka Hawaii hadi Alaska hawakuwa wale wale mwanzo hadi mwisho. Na dubu unayemwona akichakura tumbo la mzoga, alisema, karibu kila mara ni dubu aliyezoeshwa, anatafuta peremende alizofichiwa humo.

Tangu hapo wabishani wamegawanyika pande mbili. Wapo wanaosema filamu hizi ni maigizo yaliyovishwa koti la sayansi, na kwamba kosa lake ni zito kuliko la televisheni kwa sababu zinaonyeshwa kwenye makumbusho na vituo vya sayansi, mbele ya watoto walioletwa na walimu wao. Wapo wanaojibu kwamba filamu ni filamu: mtoto aliyekuwa akimwogopa mbwa mwitu ametoka ukumbini akimhurumia, na mbwa mwitu wa porini hakusumbuliwa na mtu. Sasa tatizo liko wapi?

Nimesikiliza pande zote mbili na naona zote zinairuka mashine yenyewe. Ukubwa wa skrini si suala la onyesho peke yake. Ndio unaoamua mapema ni nini kitapigwa picha, kwa umbali gani, kwa muda gani, na kwa fedha ya nani.

Tuanze na kamera. Mfumo wa IMAX, ambao filamu yake ya kwanza ilionyeshwa Osaka mwaka 1970, unatumia ukanda wa filamu wa milimita 70 unaopita kwa ulalo, na kila fremu, yaani picha moja moja, inachukua matundu 15 ya pembeni. Fremu moja ina eneo takriban mara tisa ya fremu ya kawaida ya milimita 35, na ndiyo maana picha inaweza kutanuliwa hadi urefu wa ghorofa nane isipasuke. Lakini ukubwa huo una gharama yake. Ukanda unakimbia zaidi ya mita 100 kwa dakika, kwa hiyo kasha la filamu la mita 300 linakwisha kwa dakika tatu. Linakwisha, unasimama, unafungua, unapachika jingine, na mnyama wako keshaondoka. Kamera yenyewe inapiga kelele kama cherehani kubwa inayoshona turubai. Tena kwa kuwa mtazamaji anakaa karibu na skrini, na picha inatakiwa kumjaa machoni, lenzi inayofaa ni ile pana, na lenzi pana inataka kamera isogee karibu na kinachopigwa.

Haya, ipeleke mashine hiyo porini. Ina uzito wa mzigo wa punda, inanguruma, inataka kuwa hatua chache kutoka kwa mnyama mwenye masikio ya mbwa mwitu, na mnyama huyo awe amefanya jambo la maana ndani ya dakika tatu. Mpiga picha wa televisheni anaweza kujibanza kichakani wiki nzima na lenzi ndefu, simba asijue kama yupo. Huyu wa skrini kubwa hana nafasi hiyo. Mbwa mwitu wa kukodi hakuzaliwa na tamaa ya mtayarishaji mmoja. Alizaliwa ndani ya lile kasha la dakika tatu.

Simsafishi mtu. Kamera nzito inaweza kukulazimisha kukodi mnyama, lakini haikulazimishi kunyamaza. Hoja ya kwamba kumkodi ni hisani kwa mnyama wa porini ina uzito, tena mkubwa: mama mnyonyeshaji akisumbuliwa pangoni anaweza kuwahamisha watoto, na hakuna picha inayostahili hasara hiyo. Ila hoja hiyo inahalalisha pango la bandia, haihalalishi kumwacha mtazamaji aamini ni pango la kweli. Watetezi wa filamu hizi huwa wanavichanganya vitu hivi viwili kana kwamba ni kimoja, na hapo ndipo ninapoachana nao.

Uzito ule ule, hata hivyo, umewahi kuzaa kinyume chake kabisa. Mwaka 1996 David Breashears, mpanda milima na mtengeneza filamu, aliongoza kikosi cha kupandisha kamera ya IMAX Everest. Walikuwa wameipunguza hadi kilo 19 hivi, na kila roli ya filamu ilidumu sekunde 90. Dakika moja na nusu, basi. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei dhoruba ikawakuta wapandaji wa vikundi vingine wakiwa juu, na watu wanane wakapoteza maisha. Kikosi cha filamu kilikuwa kimehifadhi mitungi ya oksijeni kwenye kambi ya juu, ile ya kuwafikisha kileleni. Breashears akaruhusu ifunguliwe na kutumiwa na waliokwama, kisha yeye na wenzake wakaacha kazi ya picha wakapanda kusaidia kuwashusha majeruhi. Mradi ungeweza kuishia pale, na hakuna ambaye angewalaumu. Walirudi juu, na tarehe 23 Mei wakafika kileleni. Hapo Breashears akavua glavu apachike filamu kwa vidole vitupu, kwa sababu ukanda ule haupachikiki kwa mkono uliovimba kwa manyoya.

Unapoitazama picha ile ya kilele, uzito wa kamera ndio ushahidi. Hakuna kilele cha kukodi. Filamu ilipotoka mwaka 1998 iliingiza zaidi ya dola milioni 100, fedha ambayo filamu za makala huiona kwa nadra, na nadhani watu walikuwa wanalipia uhakika huo kuliko mandhari. Ingawa hata hapa nina dukuduku langu. Kamera ile haikupanda yenyewe. Vipande vyake vilibebwa na Washerpa, wenyeji wa milima ile, na katika filamu za uvumbuzi kwa jumla anayebeba huonekana kwa nyuma, kama sehemu ya mlima. Sauti ya msimulizi inamtaja anayefika; anayemfikisha anatajwa kwenye majina ya mwisho, watu wakiwa wameshasimama kutafuta mlango.

Anga za juu zimekuwa rahisi zaidi kwa upande huu. Huko hakuna wa kumfuga. Tangu mwaka 1984 wanaanga wa Marekani walifundishwa kuishika kamera hii wenyewe, na mwaka 2009, chombo kilipokwenda kuitengeneza darubini ya Hubble, kamera ya 3D iliyofungwa kwenye sehemu ya mizigo ilikuwa na filamu ya dakika nane hivi tu kwa safari nzima. Hakuna aliyeweza kwenda kubadilisha roli. Dakika nane kwa kazi ya siku kadhaa! Kila sekunde ilibidi ichaguliwe kabla haijatokea.

Sasa nirudi ukumbini, kwa sababu upande wa utetezi una silaha moja ambayo wakosoaji hawaitendei haki: mshangao. Viti vimepangwa kwa mteremko mkali ili kichwa cha wa mbele kisikuzuie, na umekaa karibu kiasi kwamba kingo za skrini zinatoroka kwenye pembe za macho. Ubongo unaotumia pembe hizo kujua mwili umesimama au unasogea unapewa taarifa moja tu, ya picha. Ndege ikiinama kwenye bonde, mtu mzima anashika mkono wa kiti. Filamu ya safari za angani iliyozinduliwa Julai 1976 kwenye makumbusho ya anga ya Smithsonian, Washington, iliendelea kuonyeshwa kwa miongo, ilhali ni ya dakika 27 tu na kila tukio lake linaweza kutazamwa leo kwenye simu. Kwenye simu, lakini, hakuna anayeshika kiti.

Je, mshangao unafundisha? Hapo ndipo ninapokuwa mgumu kidogo. Filamu ya kawaida ya aina hii ina dakika 40 hivi, ili makumbusho yaweze kuanzisha onyesho jipya kila saa na basi la shule liondoke kwa wakati. Ukitoa muziki na picha zinazotaka kutazamwa kimya, maneno yanayobaki hayajazi kurasa nyingi. Muulize mtu aliyetoka humo ameona nini, atakuonyesha kwa mikono: poromoko la theluji lilikuja hivi! Kwa nini theluji iliporomoka, hana habari. Sisemi ni dhambi. Hamu huwa inatangulia elimu, na mwalimu mzuri anajua la kufanya na darasa lililorudi limechangamka. Ila tusiuze hamu kwa jina la elimu, na kwenye matangazo ya kumbi hizi biashara hiyo inafanyika kila siku.

Kuhusu fedha: filamu moja hugharimu mamilioni ya dola, na anayeinunua si mtazamaji bali mkurugenzi wa makumbusho. Kumbi ni chache, kwa hiyo kila mkurugenzi ana sauti. Mwaka 2005 iliripotiwa kwamba baadhi ya vituo vya sayansi vya kusini mwa Marekani vilikataa filamu kuhusu volkano za chini ya bahari kwa sababu ilitaja mageuko ya viumbe, na wakurugenzi walihofia watazamaji wa dini. Kituo cha sayansi kinaikwepa sayansi, fikiria. Kimoja, cha Fort Worth, Texas, kilibadili uamuzi baada ya habari kuenea, lakini ujumbe kwa watayarishaji ulikuwa umeshafika: andika kwa tahadhari.

Wadhamini nao wapo tangu zamani. Ile filamu ya 1976 ilidhaminiwa na Conoco, kampuni ya mafuta. Ile ya mbuga za taifa za Marekani ya mwaka 2016 ilitengenezwa kwa ushirikiano na Brand USA, chombo cha kuitangaza nchi hiyo kwa watalii, ikiletwa na Expedia na Subaru. Sioni njama hapo. Bila wadhamini nyingi zisingetengenezwa, na filamu yenyewe hurudisha gharama polepole, ukumbi baada ya ukumbi, miaka kadhaa. Ila filamu ya mbuga inayolipiwa na wauza safari na wauza magari ni mahali pa ajabu pa kwenda kutafuta jibu la swali la mbuga inaweza kubeba magari mangapi. Uharibifu wa mazingira huwa unaingia kwenye filamu hizi kama wingu dogo dakika ya 30, na kufikia dakika ya 38 jua limetoka.

Kilichonifanya niandike sasa ni kwamba kisingizio cha mashine kimekwisha. Tangu 2008 projekta za kidijitali zilianza kuchukua nafasi ya zile za ukanda, kwanza kwa picha hafifu kwenye skrini nyingi ambazo hazikustahili kuitwa kubwa, kisha kwa leza ambazo hata mimi mpenda ukanda sina ugomvi nazo. Kamera za leo ni nyepesi, hazingurumi, na zinarekodi saa nzima bila kufunguliwa. Anayekodi mbwa mwitu siku hizi hawezi kulilaumu kasha la dakika tatu. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba kompyuta inaweza kuunganisha wanyama wawili waliopigwa picha miezi tofauti wakaonekana wanatazamana, na mshono hauonekani hata kwenye ghorofa nane. Pango la bandia angalau lilihitaji mafundi wenye majembe.

Kwa hiyo nikipewa kura, simpigii anayetaka kila mnyama wa kufugwa apigwe marufuku kwenye skrini, wala anayesema tuyaache mambo ya jikoni jikoni. Swali la yule mtazamaji wa 1999, kwamba picha ile mliipataje, ndilo ambalo filamu zenyewe zingelijibu, humo humo ndani, si kitabuni miaka 11 baadaye. Mimi ningekaa kimya kabisa kutazama dakika mbili za watu wakilijenga lile pango: wanapanga taa, wanabishana lenzi ipite tundu gani, na mbwa mwitu jike amelala kando, anasubiri waliomkodi wamalize.