Mpunga mfupi sawa, lakini bili ya mbolea analipa nani?

Juzi tukiwa Ngara tunakula pilau, rafiki yangu mmoja aliyesomea kilimo akaanza ile story yake, ati pishori, ule mpunga wa kunukia wa Mwea, ifupishwe shina tu tumalize. Na ana pointi. Basmati 370, ndiyo hiyo pishori, ni ndefu, ukiizidishia urea, mbolea ya nitrojeni, inalala, mvua na upepo vikija mkulima anavuna matope. IR8, mpunga mfupi wa 1966, ilibadilisha Asia kwa njia hiyo hiyo: jeni ya SD1 ikiwa mbovu mmea unatengeneza jiberelini, homoni ya kurefusha, kidogo, shina linabaki fupi, nguvu inaenda kwa punje. Hapo sibishi.

Nachobishia ni hii tabia ya kuongelea homoni kama swichi za stima, zima hii washa ile. Kazi ya jiberelini ni kuondoa protini moja inaitwa SLR1, hiyo ndiyo breki ya mmea, sasa jiberelini ikipungua breki inajazana, na haikai kwa shina peke yake. Mdudu akiuma jani homoni ya jasmoniki inaiachilia hiyo hiyo SLR1 ndio mmea uache kukua kwanza upigane. Halafu, na hii ndiyo inaninyima usingizi, SLR1 inaikaba GRF4, ile protini inayouambia mmea uvute nitrojeni. Watafiti Wachina walionyesha hiyo 2018. Yaani mpunga mfupi ni mgumu kulisha kwa sababu ya ufupi wenyewe! Miaka hiyo yote tunamwambia mkulima aongeze mfuko, aongeze mfuko, kumbe anapigana na breki tuliyomwekea sisi, na mbolea inayobaki inaoshwa na maji ya mfereji, na mfuko amenunua kwa deni.

Jamaa akanirushia Swarna-Sub1, aina ya mpunga iliyotolewa India 2009: jeni moja tu, SUB1A, na mpunga unakaa chini ya maji kama wiki mbili bila kufa. Kweli kabisa, lakini angalia inavyofanya kazi. Mafuriko yakija ethilini, homoni nyingine ambayo ni gesi, inajaa kwa mmea, ethilini inaamsha SUB1A, SUB1A inaongeza SLR1, mmea unatulia unaweka akiba ya chakula chake. Kuna mpunga mwingine wa maji marefu wenye jeni za SNORKEL, ethilini ni ile ile lakini huo unarefuka mbio mpaka utoe kichwa nje. Homoni moja, majibu mawili yanayopingana, inategemea nani anapokea ujumbe. Sasa swichi iko wapi hapo?

Wachina hao hao waliongeza GRF4 kwa mpunga mfupi, nitrojeni ikaingia vizuri na urefu haukurudi. Kwa hivyo fupisheni pishori, mimi siwazuii, ila mlete na GRF4 humo humo, na mjaribu kwa shamba la mtu aliyeweka nusu ya mbolea, sio kwa ploti ya utafiti inayomwagiwa urea ya bure.