Msiiuze kwa kilo
Kwamba Super Cub, ile ndege ndogo iliyokunja bawa pale uwanja wa ndege wa Kisongo, iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu kwa sababu hairuki tena, hapo mwandishi aliyependekeza hivyo amekosea. Nimefanya ufundi wa ndege Arusha miaka mingi. Bawa hufunguliwa likatengenezwa, kitambaa kikavikwa upya. Nikikagua, mimi huanzia mabomba ya chuma ya fremu, yale ya chini karibu na mkia, maji hutuama humo na kutu hula kutoka ndani, ukigonga na bisibisi panabonyea. Na kama kweli ndege hiyo ndiyo iliyotumika kuhesabu nyumbu Serengeti, kama inavyodaiwa, mnunuzi wa maana ataulizia kwanza kibao cha namba na madaftari ya safari na matengenezo. Madaftari yakipotea, historia yote inabaki hadithi tu. Kuna anayejua yamehifadhiwa wapi?