Ng'ambo: tulinde kuta au tulinde baraza?

Mkono wa bahari ndio ulioitenga Ng'ambo na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukaipa na jina. Ulifukiwa kidogo kidogo, na leo palipokuwa maji inapita barabara ya Benjamin Mkapa. Darajani pamebaki jina tu, daraja halipo. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ng'ambo, walikoishi wengi wa watu wa mji, haikuingizwa, na ndipo linapozuka swali: nyumba zake za zamani zibomolewe au zitunzwe?

Wanaotaka zibomolewe wana hoja nzito. Ukuta wa boriti za mikoko, fito na udongo huliwa na mchwa na kunyonya maji kutoka chini, na kila baada ya masika lazima ukandikwe upya. Mwenye nyumba asiye na kipato atatoa wapi fedha? Isitoshe, zamani nyumba ilikuwa yake, ardhi si yake: wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928. Kumlazimisha leo alinde udongo kwa ajili ya macho ya wageni si haki.

Lakini kuta nyingi zimeuawa na matengenezo. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea; udongo hulainika ndani, lipu ikabanduka vipande vipande. Chokaa huuachia unyevu utoke. Msingi wa mawe ulioinuliwa na upenu mpana navyo huukinga ukuta na mvua.

Kwangu mimi, hasara kubwa haimo katika udongo. Imo katika ramani ya nyumba: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Barazani mtu hukaa, huuza, humchunga mtoto wa jirani. Majengo marefu ya Michenzani, hapo hapo Ng'ambo, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yaliwapa watu umeme, maji na choo cha ndani, na hilo si dogo. Ila anayekaa ghorofa ya nne hana baraza wala ua. Nyumba ya matofali ya ghorofa mbili inaweza kuwa na vyote viwili, mchoraji akitaka.

Kinachosahaulika ni maji yenyewe. Anayejenga upya hujaza kifusi, sakafu yake ikapanda juu ya kichochoro, na mvua ikahamia kwa jirani mwenye ukuta wa udongo. Ukuta huo ukianguka, husemwa ulikuwa mkongwe. Kibali cha ujenzi kisitolewe kabla mchoro haujaonyesha mtaro utakaoyapeleka maji hayo.