Kamera Hununuliwa Nyingine, Mkanda Je?

Niliibiwa kamera nikiwa nakula urojo. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kila niliyemhadithia ameuliza ilikuwaje, na nikishamjibu hucheka kwanza ndipo anipe pole. Nilikuwa natoka kwenye kupamba, saa nne usiku, njaa inaniuma, maana mpiga picha hukumbukwa biriani ikishabaki ukoko. Nikauweka mkoba wangu wa ukili baina ya miguu, nikashika bakuli kwa mikono miwili. Nilipoinama kutafuta pesa za kulipa, nilikuta viatu vyangu tu.

Mkoba wa ukili niliuchagua makusudi, asije mtu akadhani ndani mna kitu cha thamani. Sijui mwizi alitarajia nini. Mchele, labda. Alichopata ni Pentax K1000 yenye lenzi ya milimita 50, flashi moja, betri za akiba, na ndani yake mkanda wa filamu uliofika picha ya 28.

Tangu hapo nimepewa ushauri na kila mwenye simu. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeshika bango: "Shangazi, hii bahati yako. Nunua ya dijitali, uachane na mambo ya kizee." Nimemsikiliza, nimemkaangia na kachori, na nimekataa. Nanunua tena kamera ya mkanda, tena karibu ile ile iliyoibiwa, na wala si kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya zamani.

Mimi hupiga picha shughuli za wanawake peke yao: singo, hina, kupamba. Humo ndani mabuibui yametundikwa, nywele ziko nje, biharusi amekaa juu na asmini zimemteremka hadi kiunoni, na bibi zake wanacheza kama hawajawahi kuumwa magoti. Katika shughuli ninazoitwa simu huachwa mlangoni ndani ya beseni, kila moja imefungwa kikaratasi cha jina kwa raba. Mimi hupita na kamera yangu mkononi wala hakuna anayenisimamisha, kwa kuwa wenyewe wameshaijua: haina kioo cha kuonyesha picha zilizopigwa, haina kadi, na intaneti haijui ni mnyama gani. Mkanda nausafisha mwenyewe, yaani nautia dawa hadi sura zijitokeze, picha nazichapa mwenyewe, kisha picha na negativu zote, ule mkanda wenyewe uliokwishasafishwa, naziingiza kwenye bahasha moja nakwenda kumkabidhi mwenye shughuli. Kwangu hakibaki kitu. Dijitali iniahidi nini mbele ya hayo? Kadi iliyofutwa hufufuliwa kwa programu za bure, na simu nyingi hupeleka picha mtandaoni zenyewe huku mwenyewe amelala.

(Wapo watakaosema nazipoteza picha za kesho. Kweli. Studio za mjini zilihifadhi negativu zao, kama Capital Art Studio pale Barabara ya Kenyatta, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na Unguja ya zamani tunaiona leo kwa hisani hiyo. Mimi nafanya kinyume, na hasara yake naijua.)

Sasa fikiri mkanda wa picha 28 za namna hiyo umo mikononi mwa mtu nisiyemjua.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mama wa biharusi. Nilimkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, nikavuta kibao cha mbuzi nikakaa, nikamwambia yote hadi bakuli la urojo. Hakupiga kelele. Akatoa chuya, akaitupa kwa kuku, akatoa nyengine.

"Na mwanangu yumo humo?"

"Yumo, mama."

"Kichwa wazi?"

"Kichwa wazi."

Nikamweleza kuwa mkanda haujasafishwa, kwa hiyo hata ukiukunjua hakuna sura inayoonekana. Tena mwizi akiufungua mgongo wa kamera kutazama kilichomo, mwanga unaingia na picha zimekufa hapo hapo. Ndipo aliponyanyua uso.

"Akifungua tu?"

"Akifungua tu."

"Basi Mungu amtie pupa, afungue."

Sikumwambia lililobaki. Picha zikishapigwa hujikunja kwenye kigurudumu cha upande wa kulia, za mwanzo zikiwa ndani kabisa. Mtu akifungua penye giza giza na kufunga upesi, mizunguko ya nje huungua lakini ya ndani inaweza kupona. Na za mwanzo zilikuwa za biharusi akisukwa nywele. Kwa hiyo nami naomba dua ile ile ya mama, ila naongeza: afungue juani, auvute wote.

Nilipokaa kutafuta kamera nyengine, basi, jambo la kwanza nililolitazama halimo katika orodha ya mtu yeyote: mgongo wake unafunguka vipi? K1000 unaivuta juu ile shina ya kurudishia mkanda, mgongo unafyatuka. Hata mtoto anaweza. Wenye kujua huihesabu hiyo kasoro. Nikon FM2 wameiwekea kijikufuli pembeni, lazima usogeze huku unavuta. Wameiweka ili kumlinda mpiga picha na mkono wake mwenyewe. Mimi nataka mkono wa mwizi ukosee.

Nisiidhulumu FM2 lakini. Ni kamera bora, nayo kama K1000 hupiga hata bila betri, betri ni ya kipimamwanga tu. Ile iliyotoka 1984 inakwenda na flashi hadi kasi ya 1/250 ya sekunde. K1000 inaishia 1/60. Tofauti hiyo inaonekana ukumbini: taa zikiwa kali, kwa 1/60 mtu anayecheza hutoka na mikono minne, miwili ya flashi na miwili ya taa. Nimeshawahi kuulizwa na bibi mmoja kama nimempiga yeye au jini lake. Kinachonizuia ni kwamba lenzi yangu ya milimita 28 ilibaki nyumbani siku ile, na mdomo wake ni wa Pentax. Nikihamia Nikon naanza kununua lenzi upya, na fungu langu halifiki huko.

Canon AE-1 wananisifia sana vijana. Ni nzuri ya kutazama. Lakini betri yake ya volti 6 ikifa, nayo imekufa, haipigi hata moja, na betri hiyo sijaiona katika duka hata moja la Darajani. Vidonge vya LR44 vya K1000 kila fundi saa anavyo. Yumo pia yule mgeni, Pentax 17 ya mwaka 2024, kamera mpya kabisa ya mkanda. Inagawa picha nusu nusu, mkanda wa 36 unatoa 72. Kwa bei za mikanda za sasa hesabu hiyo inatamanisha. Ila umbali unaukisia kwa vialama vya kwenye lenzi, huoni kama jicho la biharusi limekaa sawa, na bila betri hata hiyo haiendi. Leica M6 waliyoirudisha sokoni 2022 nimeitazama bei kama ninavyotazama viwanja vya Fumba.

K1000 ina kero yake. Kipimamwanga hakina swichi; kinafanya kazi muda wote lenzi inapoona mwanga, na ukisahau kifuniko betri inaliwa kimya kimya. Naishi nayo.

Binamu yangu wa Muscat ndiye aliyenipatia, kamera peke yake bila lenzi, ya zile za mwanzo zenye jina la Asahi juu ya paji. Zilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na za mwanzo zina chuma zaidi. Nikaipeleka kwa fundi saa wangu Mchangani, mzee asiyejua picha ila anajua sauti ya chemchemi. Aliiweka kwenye kasi ya sekunde moja, akabana, akafumba macho. Akarudia mara nane. "Inachelewa kidogo, mwanangu, lakini haidanganyi: inachelewa vile vile kila mara." Lenzi yangu ya 28 nayo tuliimulika kwa tochi, maana masika yetu yanaotesha kuvu kwenye vioo, nyuzi nyuzi kama za buibui. Ilikuwa salama. Tangu ipone ile siku inalala ndani ya kopo la maziwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Mkanda wa kwanza niliupigia uani, nguo kwenye kamba na paka wa jirani. Mkanda wenyewe HP5, wa nyeusi na nyeupe, na dawa ya kuusafishia ID-11 inayotaka maji ya nyuzi 20, dakika saba na nusu. Maji ya bomba hapa hayajawahi kuzijua nyuzi 20. Nilituma mtoto barafu nyumba ya tatu, nikalitia tangi kwenye ndoo, nikapooza hadi kipimajoto kikashuka, nikasafisha. Picha zilitoka, na katika kila moja mstari mweupe umeshuka ubavuni. Sifongo za kwenye mfuo wa mgongo zimeoza, zimekuwa kama lami, mwanga unapenya. Nilitaka mgongo unaofunguka upesi, nikapewa usiofunga! Nilikaa jioni nzima nikikwangua kwa kijiti na spiriti, nikabandika nyuzi za sufi nyeusi. Mkanda wa pili ulitoka safi.

Wiki iliyopita yule mama aliniita tena, mwanawe wa pili anaolewa. Sikutegemea. Nilipomaliza kupiga, mbele yake nikaurudisha mkanda wote ndani ya kikopo chake, nikavuta shina, mgongo ukafyatuka. Akashtuka akataka kuufunika kwa mkono. Nikamwambia ukisharudi ndani mwanga hauudhuru, nikamtilia kiganjani: ulale kwako, kesho nitakuja kuuchukua mchana, si usiku. Akaugeuza geuza, akaupima uzito kama kidani. Kisha akashika pindo la kanga yake, akaufunga fundo, akalikaza kwa meno, akaniambia nikale kwanza kabla biriani haijesha.