Gego la Baba na Kiredio cha Kukhu

Kwetu Lugari, katika kaunti ya Kakamega, wapo wazee wanaojua mahindi yaliyokauka kwa kuyatazama, na wapo wanaotia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, lakini baba yangu aliyajua kwa gego moja la upande wa kulia. Msimu wa mavuno ulipofika, majirani walimletea punje katika viganja, naye alizipokea kwa heshima, akafumba macho na kutafuna polepole. Punje ikilia “ka!” mahindi yalikuwa tayari kuuzwa, ikibonyea kimyakimya, mwenyewe aliambiwa ayarudishe kwenye turubai. Huduma hiyo haikuwa na malipo, ila ilikuwa vigumu kuondoka kabla ya kusikiliza historia ya gego lenyewe.

Matatizo yalianza mwaka ambao mvua ilikataa kukatika wakati wa kuvuna. Gego lilipitisha mahindi yetu, tukakodi lori, na lori likarudi jioni likiwa limejaa vilevile, kwa sababu mnunuzi hakupokea mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na yetu yalikuwa yamepita hapo kwa mbali. Tulilipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Baba alisema watu wale walikuwa wakitaka chai tu, na kwamba mwenye akili timamu hawezi kujua nusu ya asilimia moja.

Dada yangu, ambaye Baba humwita Kukhu kwa kuwa alipewa jina la bibi yetu, hakubishana naye. Mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na kipima unyevu, kifaa kinachoenea kiganjani, chenye kikombe juu na kioo kidogo mbele. Unachagua zao, unajaza punje, unabonyeza, nacho kinapitisha umeme mdogo sana ndani ya nafaka. Kwa kuwa punje yenye maji huupokea umeme huo tofauti na punje kavu, tarakimu inajitokeza kabla hujameza mate. Baba alikigeuzageuza, akakiweka sikioni, kisha akauliza, “Kukhu, redio gani hii isiyokuwa na taarifa ya habari?” Tangu siku hiyo kikaitwa kiredio.

Kilichomuudhi zaidi ni hesabu. Dada alimweleza kwamba gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, hubaki na kilo 85 na ushei. Kwa maelezo ya Dada, kilo zile karibu tano ni maji yaliyoruka hewani. Kwa maelezo ya Baba, kilo zile zilikuwepo kabla ya kiredio kuingia katika boma lake na zilitoweka baada ya kiredio kuingia, kwa hiyo mwizi alijulikana. Dada alipomtajia mwaka 2004, ambapo watu zaidi ya mia moja walifariki mashariki mwa nchi kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba huko hawakuwa na mtu wa kutafuna.

Ajabu ni kwamba Baba huyuhuyu humcheka sana Babu, ambaye mbegu za haibridi zilipoanza kutoka Kitale mwaka 1964 alizikataa kwa madai kwamba mahindi yasiyokubali kupandwa tena mwaka wa pili yana kiburi. Kisa hicho Baba hukisimulia kila Krismasi, na hucheka hadi machozi.

Mama naye alikuwa na njia yake ya siku zote. Huweka punje na chumvi kavu katika chupa kavu, hutikisa, huacha chupa itulie, kisha hutazama: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Ni kipimo kizuri kwa nafaka ya nyumbani, ingawa hakiwezi kukutofautishia 14.5 na 13.5, na hapo ndipo lori hurudishwa. Chupa hiyo ilikuwa imekanusha gego mara nyingi, lakini Mama ni mtu wa amani.

Basi siku ya broka kuja, watu walijaa uani. Dada alijaza kikombe, akabonyeza, kioo kikaandika 16.2. Baba aliomba apishwe. Alichagua punje moja kutoka gunia lilelile, akaifuta kwa shati, akaionyesha kwa hadhira kushoto na kulia, akaiweka mahali pake na kuuma kwa nguvu zote za mtu anayetetea jina lake. “Ka!” Mlio ulifika hadi kwenye zizi. Baba aliinua kidole juu kwa ushindi na kuuliza, “Mmesikia?”

Tulikuwa tumesikia. Kilichotutatiza ni kwamba kidole kilibaki juu huku macho yakianza kulengalenga machozi. Mama alimkinga kiganja, naye akatema humo vitu viwili: punje nzima, laini, yenye alama ndogo ya kubonyea, na nusu ya gego. Hakuna aliyecheka, maana mzee ni mzee. Ila turnboi wa lori, kijana asiye na adabu lakini mwenye akili, aliomba nusu ile nayo ipimwe.

Daktari wa meno mjini Eldoret aling'oa kilichobaki, na Baba akaishi kwa uji. Alijaribu kuhamishia kazi upande wa kushoto, lakini alikiri mwenyewe kwamba upande huo haukupata elimu. Majirani waliendelea kuja na punje viganjani, naye akawa anawaambia waziache mezani, atazishughulikia baadaye. Usiku mmoja Mama aliona mwanga wa tochi ghalani, akamkuta amechuchumaa na kiredio mbele ya magunia. Alijitetea kwamba anakichunguza kama kinadanganya. Alikuwa akipiga gunia bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje, juu, katikati na chini, anapima kila sampuli, anaandika kwenye daftari na kutafuta wastani, jambo ambalo ndilo hasa wataalamu hutaka lifanywe, na ambalo Dada mwenye kifaa hakuwa na subira nalo.

Baada ya hapo hatukukiona tena kiredio. Kilihamia mfuko wa ndani wa koti, pamoja na kitambulisho. Baba alipima maharagwe, wimbi, majani ya chai na ugoro wa jirani, na alipoambiwa kwamba kifaa hakina kipimo cha ugoro alisema kitajifunza.

Kisha ikaja Jumapili ya sadaka ya mavuno. Waumini walipanga magunia mbele ya madhabahu, mchungaji akawabariki, na Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, akainuka na bambo. Aliona kwamba nyumba ya Bwana isiuziwe maji. Gunia la kwanza 13.1, amina, la pili 14, likasogezwa kando, la mwenyekiti wa ujenzi, lililoshangiliwa zaidi kwa ukubwa wake, 19.4, na Baba akasoma tarakimu hiyo kwa sauti ileile anayosomea Zaburi. Mke wa mwenyekiti alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake na hakukipata hadi ibada ilipokwisha.

Alipofika kwenye gunia la mchungaji mwenyewe, kioo kikazima. Betri ilikuwa imekwisha. Kanisa zima lilishusha pumzi, na mchungaji akafungua Biblia haraka. Lakini Baba alikuwa ameshatazama huku na huku, akakumbuka kwamba maikrofoni isiyo na waya hutumia betri ya mraba kama ile ile, akamwendea mchungaji kwa unyenyekevu mkubwa, akaomba radhi na kuifungua mikononi mwake.

Mchungaji alipata 12.8. Mahubiri yaliyofuata yalitolewa kwa koo tupu, na sisi tulioketi nyuma hatujui hadi leo yalihusu nini, ingawa safu ya mbele inasema neno “unyenyekevu” lilirudiwa sana.