Naitwa mchoyo kwa sababu ya SPSS

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia ujumbe ulioanza na "Shikamoo dada". Huyu mtoto siku zote ananiandikia "mambo" tu, kwa hiyo shikamoo yake huwa na bei: bando limeisha, au bumu limechelewa. Safari hii hakutaka hela. Yuko mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja hapo Dar, anafanya utafiti wa jinsi mama lishe wa Buguruni wanavyoweka akiba, ana madodoso 120 yaliyojazwa, na msimamizi wake amemwambia data zote ziingie kwenye SPSS, programu ya kulipia ya kuchambulia takwimu. "Huko si mnapewa bure chuoni? Nipe paswedi yako, wiki mbili tu nakurudishia."

Nakurudishia! Kama sufuria.

Nikamkatalia. Akajibu "sawa dada asante", halafu kimya. Jioni mama akapiga. Mama yangu hajui SPSS ni mnyama gani, lakini aliniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Kwani hicho kitu anachokuomba mwenzio, ukimpa kinapungua?"

Nimelala na swali hilo. Programu haipungui, kweli. Uinakili mara elfu, ya kwanza iko palepale. Ndiyo maana nyumbani hatuoni aibu kuirusha kwa flashi, na ndiyo maana huku Oslo, ninakoishi mwaka wa nane sasa, wameiwekea masharti marefu kama mkataba wa kiwanja.

Kwanza hilo neno bure. Mwanafunzi wa huku hatoi senti siku anayoipakua, hapo mdogo wangu yuko sahihi. Ila ni bure ya pilau ya shughulini: wewe unakula tu, lakini kuna aliyechinja. Chuo ninachofanyia kazi kinalipa leseni hizi kila mwaka, na vyuo vya Norway vina hadi wakala wa serikali, Sikt, anayekaa mezani na wenye programu kwa niaba ya vyuo vingi kwa pamoja, kama wauza genge wanavyochanga alfajiri kununua tenga la nyanya Ilala. Mimi nikitaka kuingia natumia Feide, kitambulisho kimoja kinachofungua mifumo ya shule na vyuo nchi nzima. Kwa hiyo paswedi ambayo mdogo wangu anaiona kama ufunguo wa kabati la vyombo ndiyo hiyo hiyo inayofungua barua pepe zangu na alama za wanafunzi ninaowasahihishia.

Masharti yenyewe nakiri sikuyasoma siku ya kwanza. Nilibofya "nakubali" kama kila mtu. Nilikuja kuyasoma baada ya kuaibika.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa uzamili. Binamu yangu ana ofisi ya kutoa mizigo bandarini, akaniomba nimchambulie orodha ya wateja wake wa miaka mitatu, atanitoa kidogo. Nikaikubali, siku zile kidogo cha mtu nakipokea kwa mikono miwili. Programu ikagoma kufunguka, nami kwa ujinga wangu nikaibeba laptopu hadi dawati la msaada. Kijana wa pale akaangalia kioo, akaona majina ya makampuni na viwango vya kontena, akaniuliza taratibu, "Hii ni ya masomo?" Ningeweza kudanganya. Nikasema ni ya binamu yangu. Hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema leseni ya mwanafunzi ni ya kujifunzia, kazi ya kulipwa inahitaji leseni ya biashara, au nitumie programu ya wazi, isiyolipiwa. Akachukua kikaratasi cha njano akaandika herufi moja kubwa: R, jina la programu ya takwimu ya bure. Nje ilikuwa Desemba, saa kumi na nusu jioni, giza tii. Nikatembea hadi kituo cha basi nimekishika kile kikaratasi kama cheti cha hospitali.

Sasa nirudi nyuma, hadi Sinza, Dar.

Mwaka 2013 nami nilikuwa na madodoso yangu na msimamizi wangu, na kauli ilikuwa hiyo hiyo: matokeo ya SPSS. Maabara ya chuo ilikuwa na kompyuta ambazo programu ilishakwisha muda wake. Ukiifungua inakuambia leseni imeisha, basi, unafunga. Mhadhiri anajua. Fundi wa maabara anajua. Ukimuuliza mtu utapata wapi nyingine, hakuna anayekujibu kwa maneno, wanakuonyesha kwa kidevu upande wa barabara.

Upande wa barabara alikuwepo fundi na kibanda chake cha steshenari, meza ya mbao za mabox, mashine ya kopi, na bango la mkono: TUNATOA KOPI, TUNAPIGA WINDOWS, PASPOTI SAIZI. Kwenye kompyuta yake alikuwa na folda imeandikwa "SPSS NZIMA", kwa maana zilikuwepo na mbovu. Alidai elfu kumi, nikamlilia hadi elfu saba. Nakumbuka maelekezo yake neno kwa neno: "Zima kwanza antivirasi, la sivyo itamla mgeni. Na ukishaiweka, usiwashe data." Yaani programu ya kuandikia utafiti unaiishi kama mkimbizi, usionekane na mtandao. Wiki ya pili mafolda yote ya flashi yangu yakageuka kuwa shotikati, zile za mshale mdogo pembeni, ukibofya hazifiki popote. Sura ya nne ikaenda nazo. Nilirudi kwa fundi nikilia, akanisafishia flashi kwa elfu tatu. Sura haikurudi.

Miaka imepita ndipo nimelielewa jambo ambalo pale Sinza halikunipitia kichwani. Tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, programu ya kompyuta inalindwa Tanzania Bara kama kitabu au wimbo. Kwenye karatasi, darasa letu zima tulikuwa wahalifu kabla hatujavaa joho. Na aliyetutuma uhalifuni ni muhtasari wa somo. Mtu amekuandikia kwa maandishi kwamba bila programu fulani hufaulu, programu hiyo chuo hakijainunua, na bei yake halali mwanafunzi haiwezi. Halafu anakuja mtu wa semina na tai yake kutuambia Waafrika hatuheshimu hakimiliki.

Wanafunzi ndio tunaosemwa, lakini tuwaguse na wakubwa kidogo. Huku, leseni ya mfanyakazi wa chuo inataja kufundisha na utafiti. Profesa akipata kazi ya ushauri ya kampuni nje ya chuo, anatakiwa anunue leseni nyingine, na nimeona mzee wa watu, mwenye vitabu vyake, akibishana na idara ya kompyuta kama mteja wa daladala asiyerudishiwa chenji. Akistaafu anarudisha laptopu na programu zinafutwa. Nyumbani konsaltansi ndiyo shamba la mhadhiri, wala simlaumu kwa mshahara ule. Lakini ripoti ngapi zinazokwenda kwa mashirika makubwa, zenye nembo na kurasa za kung'aa, zimepikwa kwenye SPSS iliyozimiwa data? Mashirika hayo hayo yana kipengele cha maadili kwenye mkataba. Nacheka peke yangu.

Msidhani lakini kwamba nimeletewa dini mpya huku. Watu wa huku hawatii leseni kwa sababu mioyo yao ni myeupe. Wenzangu wa ofisini wanaangalia mechi za wizi kila Jumamosi na wanasimuliana Jumatatu. Programu za kazini wanazitii kwa sababu wamewekewa njia ya halali iliyo fupi kuliko ya haramu: unabofya, inashuka, inafanya kazi. Ukiwa na swali, kuna ukurasa mmoja wa chuo unaosema mwanafunzi anaruhusiwa nini, mfanyakazi nini, nyumbani au chuoni tu, hadi tarehe gani. Ule ukurasa ndio ninaouonea wivu kuliko hata mitambo.

Na leseni ya huku ina ukatili wake. Siku unapomaliza masomo inakufa. Mimi tasnifu yangu nilijenga hesabu zake zote kwenye MATLAB, programu ya kulipia ya kupigia hesabu. Miezi michache baada ya mahafali nikataka kurudia jedwali moja, programu ikaniambia leseni imekwisha. Mafaili ninayo, akili iliyoyaandika ninayo, mlango umefungwa. Mwenye kuitaka akiwa mtu wa kawaida anauziwa kwa bei ambayo kijana aliyemaliza jana hana, na nadhani ndiyo hesabu yao tangu mwanzo: wakuzoeshe ukiwa shuleni, wakulipishe ukiajiriwa. Niliokolewa na GNU Octave, ya bure, inayoelewa sehemu kubwa ya mafaili ya MATLAB. Nusu ya siku ya kurekebisha, nikapata jedwali langu. Ile SPSS ya Sinza, kwa haki, haikuwahi kuniaga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Dar siyo mgeni wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Mwaka 2004, kabla mdogo wangu hajaanza hata chekechea, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya hesabu ambayo menyu zake zote ni za Kiswahili. Watu walikaa chini wakagombana neno gani litumike kwa faili na neno gani kwa kuhifadhi. Mwaka 2015 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi walitembea Tandale na mitaa mingine ya mafuriko kwa miguu, kwenye mradi wa Ramani Huria, wakichora nyumba, mifereji na vichochoro kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia. Hakuna aliyezimiwa antivirasi.

Na kuna hili linalonichekesha nikiwa hapa Oslo. Takwimu za zahanati na hospitali za Tanzania zinaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Mfumo huo unatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ni huria, na miongoni mwa wanaouendeleza kwa upande wetu ni watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chanjo ya mtoto wa Mbagala inahesabiwa kwa programu isiyodai ada ya leseni, halafu mwanafunzi mwenye madodoso 120 anaambiwa bila SPSS utafiti wake si utafiti.

Kwa hiyo wahadhiri, wengine ni wenzangu tuliosoma wote, nawaomba kitu kimoja cha mstari mmoja. Kwenye muhtasari wa somo, pale palipoandikwa SPSS, andikeni "programu yoyote ya takwimu, itajwe jina na toleo". R ilianzishwa na wahadhiri wawili wa Auckland miaka ya tisini kwa ajili ya wanafunzi wao, na leo majarida makubwa yanaipokea bila swali. Anayeogopa kuandika amri, ipo jamovi, imejengwa juu ya hiyo hiyo R, ina menyu za kubofya, na inafungua mafaili ya SPSS. Anayesema hajui kuisahihisha, jedwali ni jedwali, thamani ya p, ile namba ya kupimia matokeo, haibadiliki kwa sababu fonti imebadilika.

Na vyuo, wekeni ule ukurasa. Hata kama mmenunua leseni kumi tu, andikeni ziko kumi, ziko chumba gani, nani anapewa kwanza. Kuna vitu mnavyo na mnavinyamazia: Microsoft inatoa kwa vyuo vinavyostahili Office ya kwenye mtandao bila malipo, kinachohitajika ni barua pepe ya chuo. Lakini nenda Mwenge leo uone wanafunzi wenye barua pepe hizo, hawajazifungua tangu wiki ya usajili, wamepanga foleni wawekewe Word ya kukrakiwa.

Tukirudi nyumbani kwangu: baada ya siku tatu za kununiwa nilimpigia mdogo wangu kwa video. Nikamwelekeza apakue jamovi, alipakulia kwa wifi ya chuo kuokoa bando, tukakaa saa moja na nusu, mimi na kahawa, yeye kwenye ngazi za hosteli umeme ukikatika na kurudi. Aliingiza madodoso kumi ya kwanza. Alipoona umri na akiba ya wiki vimejipanga kwenye jedwali akasema "kumbe!", akakata simu bila kuaga, tabia yake.

Jana usiku kanitumia picha ya skrini. Madodoso yote 120 yameingia, jedwali la kai-skwea limetulia, grafu ina rangi ambazo mimi nisingezichagua. Chini yake kaandika: "Dada, msimamizi akiuliza hii ni SPSS ya mwaka gani, nimwambieje?"