Nilienda Kuposa, Nikakuta Kesi ya Sumu

Mwanangu wa kwanza alipopata mchumba Kibokoni, Mombasa, nilifurahi mpaka nikasahau kazi yangu ni ipi. Balaa lilianzia hapo.

Kazi yangu ni kuigiza kwenye tamthilia ya televisheni. Usinitafute kwenye mabango, huko wapo mabinti wenye kope za kubandika. Mimi ni wa pembeni. Nimekuwa jirani mbeya, nesi wa zamu ya usiku, mpishi wa matajiri, na maiti mara mbili (maiti ni kazi nzuri, hakuna maneno ya kukariri). Halafu wakanipa mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe si mtu, ni shubiri. Akafikia kumtilia mkaza mwanawe sumu kwenye chai ya tangawizi.

Siku ya kurekodi hiyo sumu sitaisahau. Tulikuwa kwenye nyumba ya kukodi Nyali, na sumu yenyewe ilikuwa glukosi. Tulirudia mara kumi na moja. Mara kunguru, mara tuktuk, mara adhana, tukanyamaza mpaka iishe, kisha tukaanza upya. Kila tukianza upya, yule msichana anywe kikombe kingine cha chai iliyokwisha poa. Kufikia kikombe cha nane, akianguka chini kufa, tumbo lake linasikika kama ndoo ndani ya kisima. Mara ya kumi na moja alikufa vizuri ajabu, mkurugenzi akapiga makofi, na maiti akainuka mbio kwenda chooni na kipaza sauti bado kiko kifuani. Kijana wa sauti alivua vile vya masikioni polepole, akaangalia chini.

Ikakaa miezi mitatu haijarushwa. Ikarushwa Ijumaa usiku. Posa tulikuwa tumeipanga Jumapili.

Tukaenda wanawake wanne: mimi, dada yangu na mawifi wawili, mabuibui yamefukizwa udi, sinia ya halua mapajani. Mwenye tuktuk alinitazama kwenye kioo toka Majengo. Tulipofika Makadara akashindwa kuvumilia: "Mama, yule binti kafa, ama yuko hospitali?" Nikacheka. Laiti ningemwambia ageuze.

Nyumba ni zile za Mji wa Kale, ngazi imesimama kama ya kupandia mnazi. Juu tukamkuta mamake binti, khala zake, na bibi yake kwenye kitanda cha kamba. Bibi yule hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, lakini televisheni aiona barabara. Tukatoa salamu. Wenzangu waliitikiwa nzima, mimi nikaitikiwa nusu.

"Si weye?" akaniuliza.

"Ndimi, mamangu," nikajibu kwa tabasamu, nikijua nimepata shabiki.

"Basi keti huko karibu na mlango."

Sinia ikafunuliwa. Bibi akakata kipande cha halua, akainama, akampa paka wake. Paka akanusa, akarudi nyuma, akaenda zake dirishani.

"Mwaona?" bibi akauliza chumba kizima.

Sasa paka gani ala halua? Nikamega kipande kikubwa nikala mbele yao, kikanikwama kooni, nikaanza kukohoa. Hebu fikiria. Mtu ashutumiwa sumu, ala mwenyewe, kisha atokwa macho. Khala mmoja alishatamka "Laa ilaha illallah."

Niliporudi na pumzi nikaona heri nieleze kwa ilimu. Nikasema hizi ni tamthilia tu, wenyewe Wazungu waziita za sabuni, kwa kuwa Marekani miaka ya 1930 wenye viwanda vya sabuni ndio waliolipia michezo ya redioni wapate kuwauzia kina mama.

"Sabuni toka enzi hizo," bibi akasema, "na bado mna uchafu huu?"

Sikukata tamaa. Nikamwambia hata Uingereza watu walichanganyikiwa vivyo hivyo. Mwaka 1998 kwenye tamthilia yao ya Coronation Street yule Deirdre alifungwa jela, raia wazima na akili zao wakaanzisha kampeni afunguliwe, hadi Waziri Mkuu Tony Blair akatia neno. Na ilhali Deirdre alikuwa mwigizaji Anne Kirkbride, jioni akirudi kwake kupika!

Bibi akafikiri kidogo. "Huyo Deirdre alifanya kosa?"

"La, alisingiziwa."

"Basi. Weye hukusingiziwa. Tumekuona."

Hapo machozi yakanitoka, wallahi ya kweli. Nilimfikiria mwanangu yuko barazani chini na kanzu aliyoipiga pasi mara tatu. Nikalia mpaka buibui likalowa. Mamake binti akaanza kulegea. Bibi akamshika mkono: "Usidanganyike. Hivi hivi ndivyo alivyolia juzi juu ya maiti."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka mpaka anakosa pumzi. Ndiye binti mwenyewe. Nikampenda papo hapo.

Wakaenda kula, bibi akanibakisha. Mlango ulipofungwa akanisogelea. "Sasa niambie. Kafa?"

Mkataba wangu una kifungu cha siri, nimekitia sahihi. Nikazungukazunguka. Nikamwambia wafu wa tamthilia hawana kaburi. Bobby Ewing wa tamthilia ya Dallas aligongwa na gari akafa 1985, mwaka uliofuata akaonekana bafuni anaoga, ikawa yote yalikuwa ndoto ya mtalaka wake Pam.

"Sitaki wa Marekani. Nataka wetu."

"Mamangu, ni siri."

"Haya. Na jibu la posa nalo ni siri."

Nikamwinamia nikamnong'oneza. Sumu haikumwua, binti mzima, mama mkwe anakamatwa siku ya harusi ya pili. Bibi akafumba macho kama aliyepokea pesa za hija. Kisha akapiga ukelele: "Leteni kahawa! Wakwe wamekaa na kiu!" Kahawa ikaja. Aliimimina yeye mwenyewe.

Magharibi ilitukuta njiani. Kufikia isha, muuza mabuyu wa Kibokoni alikuwa ajua nitakamatwa. Jumatatu asubuhi mtayarishaji akanipigia simu, sauti imekauka: nani katoboa siri ya kipindi kizima?

Nikalia. Nikalia vizuri kuliko ile siku ya Nyali, kwikwi na yote.

Akaniomba radhi kwa kunishuku.